Karamu ya Kumwondolea Alida Msiba

Nakivale, 9 Juni 2025

Mjukuu wangu Marcienne,

Kwa miaka kumi na minane nimekuficha chanzo cha ugonjwa wa mama yako. Nimewaficha pia padri, majirani na madaktari. Nalisema hili kabla ya kukusalimu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitaeleza habari za mvua na maharage hadi karatasi iishe.

Sasa nikuulize hali. Mgongo unaendeleaje, kwa kuinamia cherehani kutwa nzima? Saudah na watu wa nyumbani kwake wazima? Mwambie shuka aliyoniletea naitumia. Mimi nipo, lakini miguu imevimba, kifua kinanibana, na muuguzi wa hapa ameacha kunidanganya. Naandika mistari miwili, napumzika. Baba yako Audace bado yuko Rugaaga kwa yule mke mwingine. Tangu Pasaka hajatia mguu hapa.

Mama yako amerudishwa wodi ya wagonjwa wa akili huko Mbarara, wiki ya pili sasa. Kutoka kwa Saudah, unakoshona, ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, nawe hujaenda. Siku Saudah alipoleta shuka alinipa pole kwa binti yangu aliyefariki zamani, nikajua ndivyo ulivyomwambia. Niliipokea pole ile, nikamshukuru. Sikulaumu, mwanangu. Bila kujua, ulimwambia kweli.

Nilikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Alida, ndiye aliyeolewa na Audace na ndiye aliyekuzaa. Mdogo wake ni Isimbi. Tulipokimbia kambi ya Tanzania mwaka 2007, ili tusirudishwe Burundi kwa nguvu, ulikuwa na miezi mitano. Alida alishikwa na homa njiani. Alikufa karibu na Murongo, kabla hatujavuka mto Kagera, na tukamzika katika shamba la migomba la mtu tusiyemjua, kwa jembe la kuazima. Siku ya pili tulifika kituo cha mapokezi cha Kabazana, huku Uganda.

Audace alikuwa na karatasi ya kambi yenye majina matatu: lake, la Alida na lako. Aliniuliza mwanamume asiye na mke atafanya nini na kichanga. Aliogopa pia kwamba tukitaja kifo tutaulizwa tulizika wapi na kwa ruhusa ya nani. Nami nikaikumbuka desturi ya kwetu, mdogo kushika nafasi ya dada yake aliyekufa, nikajiona mwenye busara kwa kuipatanisha desturi na karatasi. Wenzangu kwenye foleni waliniita Mwalimu. Nilikuwa nimesoma, nilijua Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye niliyesema mezani kwa niaba ya wote.

Karani, Mnyankore mpole, alimuuliza Isimbi kama yeye ndiye Alida. Isimbi hakumtazama karani, alinitazama mimi. Alikuwa na miaka kumi na saba. Nilimwambia kwa Kirundi aseme ndiyo, mtoto ana njaa. Akasema ndiyo. Isimbi sikumtaja kabisa. Kwenye karatasi hakuwahi kuvuka mto.

Huyo ndiye unayemwita mama. Katika shule ya kambi ya Tanzania alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza kwa hesabu na kwa Kiingereza, na alitaka kuwa mwalimu. Alida hakusoma, hivyo nilimkataza Isimbi kushika kalamu mbele ya watu. Penye sahihi alibonyeza dole gumba, huku mimi niliyemfundisha kuandika nikimshikia karatasi isiteleze. Jina la Mama Marcienne alilivumilia, nadhani hata alilipenda, kwa ajili yako. Shida ilikuwa siku ya kugawa chakula. Kila mwezi waliita Alida, na kila mwezi alipaswa kuitika kwa jina la maiti. Alianza kukawia kuitika. Watu wa nyuma walimpigia kelele kwamba kama amejisahau awapishe wenzake.

Unajua kwetu msiba hauishi siku ya kuzika. Mwaka ukipita tunafanya kuganduka: watu wanakula, wanakunywa, wanamtaja marehemu, ndipo wafiwa wanaruhusiwa kuendelea na maisha yao. Alida hakufanyiwa. Kila mwaka Isimbi aliniomba, na kila mwaka nilimwambia mtu aliye hai kwenye orodha hafanyiwi karamu ya msiba.

Mwaka 2011 alichoka kuomba. Alinyoa nywele, akapika pombe ya mtama, akapita nyumba kwa nyumba kuwaalika majirani waje kumwondolea Alida msiba. Walikuja wakidhani kuna Alida mwingine. Alisimama katikati ya uwanja akasema Alida alikuwa dada yake, kwamba alimfumba macho kwa mkono wake, na kwamba yeye anaitwa Isimbi. Yonatani, yule jirani wa kisimani, akasema pombe ni tamu, ila hajawahi kuona marehemu akiwamiminia wageni mwenyewe. Walicheka, Marcienne. Kisha cheko likakatika, wanawake wakabeba watoto wao wakaondoka, pombe ikabaki kwenye mitungi. Isimbi alinigeukia, akaniomba niwaambie. Nikawaambia binti yangu ana homa.

Kuanzia siku hiyo watoto walimfuata hadi bombani wakimuuliza leo ameamka akiwa nani. Wewe ulikuwa na miaka minne, ukawa unajificha nyuma ya koti langu, nami nilikuacha ujifiche.

Usidhani sasa ugonjwa wake ni wa uongo. Anaumwa kweli. Hapati usingizi, anamsikia Alida akimwita kutoka migombani, na sindano zimeutetemesha mdomo wake. Lakini ile sentensi iliyoandikwa kwenye faili lake, kwamba anadai kuwa mtu mwingine, ndiyo wanayoitibu kwanza, na ndiyo peke yake isiyo ugonjwa. Alhamisi madaktari watakutana kuamua kama wamwongezee dawa. Chukua barua hii uipeleke. Kama watatufutia kiwanja tulichopewa kwa ajili ya uongo wa Kabazana, na wafute. Mimi nahitaji kipande kidogo tu cha ardhi.

Usije kwangu kwanza. Nenda wodini. Ukifika mwite Isimbi. Kama utaendelea kumwita mama, mwache aamue yeye. Mwombe Saudah msamaha kwa niaba yangu, kwa pole niliyoipokea bila haki. Wasalimie wenzako wa chumba cha cherehani, na mle vizuri.

Limebaki jambo moja. Kwa ajili yake barua hii nimeianza mara sita na kuichana mara tano.

Baada ya ile karamu tulimpeleka Mbarara. Daktari alikuwa mwanamke kijana, na alikuwa na subira. Kwa kuwa Alida wa kwenye karatasi hakusoma, Isimbi alisema kwa Kirundi nami nikafasiri. Alieleza yote kwa mpangilio: homa, shamba, jembe la kuazima, Kabazana. Nilifasiri kwamba anasikia sauti. Daktari hakuridhika. Aliweka kalamu chini akaniuliza mimi, kwa Kiingereza, kama mwanamke huyu alipata kuwa na dada, maana kama alikuwa naye, alisema, huu si wazimu, ni msiba.

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba sijapata kuwa na binti mwingine. Isimbi alikuwa ameketi kati yetu. Alielewa kila neno, maana Kiingereza nilimfundisha mimi.

Babu yako,
Anselme