Nilitaja Jina la Mgonjwa Wangu Kanisani

Mama mshauri, salamu kutoka Rexdale, huku ughaibuni, nisaidie kabla sijaharibu zaidi, ila usidhani umeandikiwa na mjinga, shule niliacha kidato cha pili lakini huku nasomea uhudumu wa afya ya jamii, kozi ya kuhudumia wenyeji wa asili wa nchi hii, na darasa zima hakuna anayefunga kidonda kwa usafi kama mimi, hata mwalimu wetu Michelle, ambaye ni nesi na ni mmoja wa wenyeji hao, aliniambia, "Kiprotich, mikono yako mizuri, shida ni mdomo." Basi nikapewa mzee mmoja wa wenyeji hao wa kumtembelea kila Jumanne na Ijumaa, ana kisukari na kidonda mguuni, wiki tatu hakunisemesha, mimi namtania tu, "Mzee, leo nimekuja na sura nzuri zaidi," ya nne akacheka, akanimiminia chai, akanisimulia alivyochukuliwa na serikali utotoni kwa nguvu akapelekwa shule ya bweni ya kanisa, alivyochapwa kwa kusema lugha ya mama yake, na mdogo wake aliyekwenda naye hakurudi nyumbani. Nililia ndani ya basi la barabara ya Kipling nikirudi nyumbani, mimi huyu!

Sasa Jumapili kanisani kwetu wakauliza nani ana ombi, nikasimama kifua mbele, nikataja jina lake, mguu wake, jengo, mpaka namba ya mlango, na kusema kweli nilitaka pia waone kwamba natibu watu. Jumamosi iliyofuata wakaenda bila kuniambia, watu kumi na mmoja, mchungaji na kola yake nyeupe mbele, wakamwimbia mlangoni. Tangu hapo hafungui, si kwangu, si kwa Michelle. Nilipobisha alisema kutoka ndani, "Wewe ndiye uliyewaleta." Siku ya sita leo kidonda hakijaoshwa, na Michelle anadhani ni huzuni tu. Nikisema ukweli nafukuzwa na cheti kimebaki mwezi mmoja, nikinyamaza naota ule mguu. Si nilikuwa namwombea tu?

Kiprotich

Kiprotich, pole, na sasa nisikilize. Jibu hili nilikupigia simu nikakusomea siku ileile, maana mguu haungoji gazeti. Majina nimeyabadilisha, na la mzee nimelifuta. Hata kwangu ulikuwa umeliandika!

Hukumwombea tu. Ungetaka kumwombea ungepiga magoti chumbani kwako, Mungu haulizi namba ya mlango. Ulitaka makofi. Mtu aliyenyang'anywa utoto na watu wa kanisa, ukampelekea kanisa zima mlangoni. Najua hukukusudia, lakini yeye anajuaje?

Halafu unanililia cheti! Umesomea mwenyewe kidonda cha kisukari kikiachwa kinaishia wapi. Mpigie Michelle sasa hivi, mwambie yote, hata sehemu ya kujionyesha. Yeye atajua nani katika jamaa za mzee anaweza kubisha pale akafunguliwa. Wewe usikanyage lile jengo, usitume kadi, usimlazimishe kupokea samahani yako. Jumapili simama palepale uwaambie wasiende tena, wala usiwaeleze kwa nini.

Wakikufukuza, watakuwa na haki. Na mguu ukipona, mzee huenda asikufungulie tena maisha yake yote. Hilo utalibeba, kijana wangu, na safari hii utalibeba kimya.