Usimwambie mgeni "huyu ni wako"

Vitalia upo?? Soma hapa kabla huyo mzungu wa kujitolea hajafika kwako Mbamba Bay.

Huyu wangu, Marit, anayefundisha pale shuleni, tangu aje hachoki kumsifu binti yangu Editha. Na mimi nikawa namjibu kama tunavyojibu wote: "Huyo ni wako, mchukue tu uende naye."

Kumbe mwenzangu anachukua kweli!!

Leo asubuhi ananiambia, "Mama, nyumbani wamekubali. Chumba cha Editha kipo tayari." CHUMBA! Huko Denmark! Chai ikanipalia.

Nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwa naongea tu. Akaanza kulia. "Lakini Mama ulisema ni wangu. Ulisema kila siku."

Na ni kweli, Vitalia. Nilisema kila siku.

Mtoto naye alishaambiwa. Amevaa gauni la kanisani, kakaa mlangoni na mfuko wa nguo, nikimpa uji hataki.

Mzungu wako akimsifu mwanao Tobias, sema asante. Asante tu, halafu funga mdomo.

Nipigie jamani, nimechanganyikiwa. Editha kaniuliza, "Kwa hiyo Mama, mimi ni wa nani?"