Simu za Dada Yako

Mama Zaina,

Hatimaye nilikwenda kwenu Dodoma. Nimerudi hapa kijijini Busi juzi, na leo nimekaa jikoni kwako nikuandikie kabla moyo haujanigeuka.

Ulikuwa ukinisimulia mji wenu tukipalilia: mbuzi wa kuchoma mnadani, zabibu kwenye ndoo kando ya barabara, na wanawake wakipiga ngoma za muheme hadi mtaa wa tatu wasikie. Ukasema, "Baba Zaina, nipeleke hata mara moja. Nikapige, nikale, turudi." Nikakujibu tukishavuna. Tumevuna mara kumi na moja.

Lakini kuna jambo hukulijua. Dada yako Yudita alikuwa akipiga simu. Namba aliyokuwa nayo ni yangu. Mara ya kwanza alikuita kwenye harusi ya mwanawe. Nilimwambia nitakufikishia. Sikukufikishia. Alipopiga tena nikasema hutaki kwenda. Halafu wewe ukaniuliza, "Hivi Yudita amenisahau?" Mimi nikaendelea kunoa jembe.

Nilijiambia ni aibu, mke wangu kubana ngoma mapajani mbele za watu, na msikitini wananijua. Si kweli. Niliogopa usingerudi.

Hata hospitali, siku zile mbili ulipokuwa ukilitaja jina lake, simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimpigia tulipokwisha kukuzika.

Baada ya arobaini nilichukua vitenge vyako viwili nikampelekea. Anakaa mtaa wa Kikuyu, palepale Dodoma, nyumba ya bati jekundu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana ningekaa ningeshindwa. Akaketi kwenye ngazi.

"Alijua nilikuwa namtafuta?"

"Hakujua, dada."

Aliingia ndani akakaa sana. Nilidhani anaita ndugu waje wanitoe. Akatoka na ugali wa uwele, mlenda na nyama ya mbuzi.

"Kula, shemeji. Mgeni wangu haondoki na njaa. Ila usiniombe msamaha leo."

Nilikula. Ni chakula kilekile ulichokuwa ukinipikia, mke wangu, na sikuwahi kukuuliza nani alikufundisha.

Alasiri wanawake wakakusanyika uani kufanya mazoezi ya ngoma. Bibi mmoja aliuliza mimi ni nani. Yudita akasema, "Mume wa marehemu mdogo wangu." Wakaanza kupiga, na mdundo ule niliujua. Ndio uliokuwa ukiupiga kwenye debe tukipukuchua mahindi, nami nikikwambia acha, majirani wanasikia. Nilijifunika uso kwa kofia. Walikuwa wakicheka, wakitoka jasho, wengine wana wajukuu. Sikuona aibu yoyote pale isipokuwa yangu.

Wakati wa kuondoka Yudita alishika vile vitenge kifuani. Akasema, "Niletee Zaina." Basi.

Sasa simu nimempa Zaina. Nimemweleza pia nilichokufanyia. Siku nzima alikuwa akiniwekea chakula na kuondoka. Sina la kumlaumu. Jana shangazi... nakosea, mama yake mkubwa alipiga. Waliongea Kigogo mpaka chaji ikaisha. Sikujua kama ulimfundisha kiasi kile. Sikuelewa hata neno moja, wala sikuuliza.

Kaburi nimelizungushia miiba, mbuzi hawaingii. Mvua bado. Shamba la juu sijaligusa.

Pumzika, Mama Zaina. Sikuombi unisamehe, kwa kuwa huwezi tena kunikatalia. Shule zikifungwa nitampeleka Zaina kwa dada yako mimi mwenyewe, na nitakaa uani nimsikilize akipiga mbele za watu wote. Akitaka kubaki huko, nitarudi peke yangu.

Mumeo,
Baba Zaina