Miguu Si Kiporo

Nyinyi wa kundi hili la familia mnaonitumia jumbe nimkande Mwanaidi kwa maji ya moto na mafuta ya karafuu, komeni! Mguu wa mtoto umechanika msuli, haujajifungua. Daktari amekataza moto kwa sasa, ataka barafu. Mwenye mafuta yake ajipake mwenyewe.

Leo Jumapili. Mvua yanyesha hapa mtaani Shika Adabu tangu alfajiri, na nyumba imenyamaza. Mjukuu wangu amelala, mguu juu ya mito, uso ameugeuzia ukutani. Nikimwita aitika, "Abee, bibi," kwa adabu zote.

Adabu hiyo ndiyo inayonichoma. Afadhali angenifokea.

Mpira wake sikuupenda, sitaficha. Lakini alipoanza kufunga mabao, na wauza samaki wakawa waniita bibi yake Mwanaidi, nikaupenda kimyakimya. Jana walikuja walimu wa shule moja ya bweni kutafuta wasichana wa timu yao. Atakayechaguliwa asomeshwa bure. Hilo nilikuwa nalijua.

Ila jana pia ilikuwa harusi kwa jirani yangu Mama Zuhura, nami kwa mdomo wangu nilikuwa nimesema nazi zote za wali zitakunwa kwangu. Niombe watu wanisaidie? Mimi? Nisemwe nimezeeka?

Tangu juzi mtoto alikuwa akilalamika kwamba misuli ya nyuma ya mapaja yambana. N'kamwambia ni uvivu. Jana asubuhi nikamkalisha juu ya mbuzi, magoti yamekunjwa, akakuna nazi mpaka adhuhuri. Mjomba wake Bakari, mwanangu, dume zima, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi na simu yake. Sikumwita. Sijui kwa nini.

Najua. Kwa sababu ni mwanamume.

"Bibi, niruhusu nitoke mapema, nikapashe misuli."

"Kupasha? Kwani miguu yako ni kiporo?"

Bakari alicheka mpaka akakohoa, nami nikajiona msemaji. Mwanaidi hakucheka. Akaokota nazi nyingine.

Alifika uwanjani wenzake washaanza. Akabadilisha viatu, akaingia moja kwa moja. Mimi nilifika baadaye, buibui langu lanuka tui, nikamkuta ndiyo kwanza apewa mpira. Alikimbia vizuri, wallahi, hatua chache tu. Mara akashika paja kwa nyuma, akaanguka. Nikadhani amechezewa vibaya, nikaanza kumtukana yule beki, mtoto wa watu.

Hakuna aliyemgusa.

Kocha wao, kijana wa kutoka bara, hakunilaumu. Aliuliza tu, "Shosho, alipasha mwili kabla ya kuingia?" Mimi nina mdomo wa kumjibu hata kadhi, lakini pale nilitazama viatu vyangu.

Wale walimu walisema huenda wakarudi muhula ujao. Huenda. Daktari naye asema akipumzika, kisha akarudi mazoezini polepole, inshallah atapona. Akiharakishwa, msuli utachanika tena palepale.

Asubuhi nilimpelekea chai, nikamuomba radhi. Sijazoea. Akanijibu, "Si kitu, bibi," akageukia tena ukuta wake.

Ni kitu. Ni kitu kikubwa, na nilikifanya ili nisifiwe wali ambao sikuula hata tonge.

Basi nisikilizeni humu ndani. Mwanaidi hagusi mbuzi, ndoo wala ufagio mpaka daktari aseme. Siku atakayorudi uwanjani atatoka hapa mapema, apashe misuli anavyotaka, na atakayemcheka atacheka nje ya nyumba yangu. Na wewe Bakari, najua wayasoma haya hapo ulipolala. Mbuzi iko nyuma ya mlango wa jikoni. Weka simu chini, inuka, ukune nazi za mchana.