Koti la Kaki Ulilonishonea

Thika, Jumapili

Dada Nekesa, hamjambo huko? Mimi mwili ni mzima.

Leo nimetoka Ruiru kwa baiskeli, njia ya ndani ya changarawe. Sikukutana na gari hata moja. Unashuka hadi mtoni, unasukuma baiskeli kupanda kilima chenye miti mikubwa, halafu unashuka tena. Baridi ilikuwa kali, nikavaa lile koti la kaki ulilonishonea.

Karibu na mto Ndarugu nikamwona mama mzee, wa umri wa mama yetu, amebeba kuni mgongoni. Nikapiga kengele, nikashuka nimsalimie kama tulivyofunzwa. Akatupa mzigo chini, akainua mikono yote miwili.

“Ni kuni tu, bwana askari. Ni za kupikia.”

Nilikuwa nimesahau, dada. Tangu serikali itangaze Hali ya Hatari, huku kaki ni nguo ya askari wanaosaka wapiganaji wa msituni. Nikamwambia mimi ni fundi tu wa mashine ya kahawa, ashushe mikono. Kila nilivyosogea nimpandishie mzigo, alirudi nyuma. Nikaondoka. Kwenye kona nikageuka, na mikono yake bado ilikuwa juu.

Koti nililivua nikalifunga kwenye keria ya baiskeli, nikafika Thika natetemeka kwa baridi. Nimechoka na maisha ya huku. Ulilishona vizuri mno, na sitalivaa tena.

Msalimie mama. Mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu, lakini usimwambie kwa nini.

Kaka yako,
Wafula