Picha Nyeupe Uliyompelekea Mama Yako

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Shangazi yako alikuja kwetu Bongwe jana, akasema unataka kuleta posa upya na unangoja neno langu. Neno langu ni hili, na sikulifungia bahasha. Atakaye kulisoma na alisome.

Unaikumbuka asubuhi ile ya Tiwi? Ulikuwa na ile kamera uliyoachiwa na Mjerumani wa hotelini kwenu, unatamba nayo kama mtoto aliyevishwa viatu vya Idi. "Nabonyeza mara moja, yenyewe inapiga tatu," ulisema. "Moja ya giza, moja ya kadiri, moja ya mwanga. Tulia, mpenzi, ukitikisika umeniharibia." Nikatulia. Mchanga ulikuwa unanichoma macho, nami nikajizuia nisipepese, kwa kuwa nilikupenda. Naona haya kuliandika hilo, lakini ni kweli.

Picha ziliposafishwa Ukunda, ulizipanga mezani. Katika ile ya giza, mawingu yalipendeza na mimi nilikuwa kivuli. Katika ile ya kadiri, nilikuwa mimi. Katika ile ya mwanga, bahari ilikuwa imefutika, maua ya kanga yangu yamefutika, na uso wangu umepauka kama wa mgonjwa. Ulisema kila moja imeshika kitu ambacho nyingine haikukishika, na kwamba fundi hasa angeziunganisha zote ziwe picha moja. Nilidhani nimepata mwanamume mwenye akili. Kumbe ile ya mwanga ulikuwa na nakala yake mfukoni, ya kumpelekea mama yako Msambweni.

Ndiyo maana siku uliyonipeleka kwake, nilipomwamkia shikamoo, hakuitikia. Alichungulia nyuma yangu. "Mwenye picha yuko wapi? Anakuja nyuma?" Dada zako wakacheka hadi mmoja akamwaga chai. Nikakutazama wewe.

"Ni jua tu, mama," ulisema. "Atarudia rangi yake."

Jioni yake ukaniletea kopo la krimu ya kujichubua, ukasema nianze na shingo.

Mama yako simlaumu. Alimtazama mtu, akasema alichokiona. Wewe ulinijua, na bado ukaenda kumposa msichana aliyetengenezwa na mwanga. Basi muoe huyo. Hali chakula, hazeeki, wala hatakuuliza neno.

Usidhani nalia. Nafundisha, nacheka na wenzangu, nalala vizuri. Nikikukumbuka, nakumbuka sauti yako ikitetemeka mbele ya mama yako, mtu mzima una ndevu.

Wazee wako wasijisumbue kuja. Wakikuuliza sababu, waambie wewe ndiye uliyenikataa, kwa weusi wangu. Sitakukanusha. Wanaokujua wataamini papo hapo.

Baki huko huko,

Mimi, nisiye tena mchumba wako