Mume Wangu Hawezi Kupita Mizeituni ya Watu

Mpendwa Bi Obdulia,

Naomba msaada wako kabla sijamsukuma mume wangu darajani pamoja na baiskeli yake. Nakusoma gazetini tangu nikiwa msichana na najua huwapaki watu mafuta, basi na mimi nipe makavu yangu, mradi unijibu.

Mimi ni mkazi wa Martos, nimeolewa karibu miaka thelathini na mwanamume mwema, halewi, hapigi, hatazami wake za watu, tatizo lake ni kwamba anatazama mizeituni ya watu. Nimwite Leocadio, si jina lake, lakini akisoma atajijua, na asome. Sasa sikiliza. Marehemu baba yangu alikuwa mlinzi kwenye treni ya mafuta ya zeituni, ile iliyokuwa ikitoka Jaén na kupita kwetu mpaka Puente Genil, na kila aliporudi alituletea kipande cha membrillo, ule utamu mgumu wa matunda unaopikwa huko na kukatwa kwa kisu, kimefungwa kwenye karatasi, akaniambia mwakani nitakuchukua ukaile hukohuko ikiwa bado ya moto, na mwakani ukaja ukapita, ukaja mwingine, reli ikafungwa, baba akafa, na membrillo ya moto sijaionja mpaka leo. Reli zenyewe ziling'olewa, njia ikawa ya baiskeli, haina mlima wa kuua mtu kwa sababu treni nayo milima ilikuwa inaishinda, na daktari ameniambia goti langu litapasuliwa baada ya Krismasi, na kuhusu baiskeli baada ya hapo haniahidi kitu. Kwa hiyo nikasema Septemba hii lazima nifike Puente Genil kwa kunyonga baiskeli mwenyewe, hata kama nitafika nachechemea.

Leocadio alikubali, akanunua hadi kofia ya baiskeli. Tukatoka asubuhi, hewa nzuri, na hata hatujaenda mbali akafunga breki. Nikadhani pancha. Kumbe ameona mzeituni wenye machipukizi mengi chini ya shina, mwenye shamba hajayatoa, basi akashuka, akaegemeza baiskeli, akaingia kwenye shamba la mtu asiyemjua na kuanza kuyang'oa, huku akimsema mwenyewe kwa sauti ya chini. Nikamwambia twende. Akasema, "Hili tu." Bi Obdulia, hiyo "hili tu" nimeisikia kutoka Martos mpaka karibu na Luque, hadi usiku naiota. Hapa wamepogoa vibaya, pale jua haliingii katikati ya mti, huyu mvivu, yule karithi shamba na hana habari nalo. Mahali pekee aliponyonga kama mtu mwenye akili zake ni kabla ya daraja la chuma la mto Víboras, pale ilipo ile mizeituni ya babake tuliyoiuza Februari kwa ajili ya mgongo mbovu wa Leocadio, pale aliinamisha kichwa akanyonga moja kwa moja mpaka ng'ambo bila kugeuza shingo, nikafurahi kweli, nikasema kumbe akitaka anaweza.

Karibu na Luque ndipo aliponivua nguo. Alikuwa na mkasi wa kupogolea mkobani, ameuficha chini ya soksi, na mimi nikauona siku hiyo baada ya mambo kuharibika. Aliingia shamba moja, akakata chipukizi nene lililokuwa limesimama pembeni ya shina kongwe, na mwenye shamba akatokea nyuma ya trekta lake, mama wa makamo anaitwa Eduvigis.

"We mzee, umekata nini hapo?"

"Chipukizi, bibi. Lilikuwa linaunyonya mti."

"Hilo nimelilea miaka minne. Hilo shina unaloliona limeshachoka, na hilo ulilolishika mkononi ndilo lilikuwa lichukue nafasi yake."

Kwetu hata mtoto wa shule anajua kwamba shina likizeeka unaacha chipukizi moja, moja tu, likue liwe shina jipya. Leocadio anajua kuliko wote, yeye ndiye aliyewafundisha wanetu. Akasimama na kile kijiti mkononi, rangi imemtoka. Nikadhani ataomba radhi tuondoke kwa aibu yetu. Radhi aliomba, kisha akamuuliza yule mama ni nani anamsaidia kutoa machipukizi, akajibiwa hakuna, basi akanigeukia mimi niliyesimama njiani na mizigo yangu, akasema, "Mama, tukae hapa siku mbili tatu nimalizie kazi ya watu, halafu tutaendelea." Kwenye safari yangu! Yule mama mwenyewe aliona haya kwa niaba yangu, akaniletea mkate wa kuchoma uliolowa mafuta, nikaula kwa hasira. Kuendelea peke yangu niliogopa, mbele kuna handaki la treni na mimi giza siliwezi, nikaenda kukaa pale stesheni ya zamani ya Luque, kijiji chenyewe kiko juu mlimani hakinioni wala sikioni, mpaka binamu yangu akaja kunichukua na gari.

Leocadio alirudi baadaye kaungua shingo, ana dumu la mafuta alilopewa na Eduvigis, na uso wa mtu aliyetoka likizo. Sasa anasema twende tena Oktoba kabla ya mavuno, anaapa hatabeba mkasi, na mikono je, ataiacha nyumbani? Dada yangu anasema niende na shoga zangu, shoga zangu wanasema nimwache kabisa akaishi na mizeituni. Membrillo inapikwa mpaka Oktoba, Bi Obdulia, na goti halinisubiri. Nimpe nafasi nyingine au niende bila yeye?

Ni mimi, Niliyechoshwa na "Hili Tu", Martos

*

Dada wa Martos,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia mumeo, mara ya pili nikakukasirikia wewe, kwa hiyo keti vizuri.

Tuanze na yeye, kwa kuwa umetaka asome. Wewe bwana, kuingia kwenye shamba la mtu na mkasi ni ufedhuli, hata kama unapogoa vizuri kuliko mwenyewe. Miaka minne ya yule mama umeikata kwa mkono mmoja. Umefanya vizuri kubaki ukamsaidia, lakini ulilipa deni lako kwa siku za mkeo, na hukumuuliza. Unaomba radhi Luque, nyumbani huombi. Kamwombe leo, kabla hujamaliza gazeti.

Sasa wewe, dada. Umeniandikia habari za goti, za karatasi ya membrillo, za mkate wa Eduvigis mpaka nikausikia harufu. Mizeituni ya babake umeiandika nusu mstari, katikati ya sentensi, utadhani mliuza friji bovu. Ni nani aliyesema iuzwe? Siku ya kuuza alisema nini? Huniambii, na nina wasiwasi hata wewe hujui. Mtu huyu anashuka kwenye kila shamba kutoka Martos mpaka Luque, anahangaika na miti ya watu asiowajua, halafu anafika kwenye miti aliyozaliwa akaikuta, anainamisha kichwa, anapita mbio, na wewe unafurahi kwamba leo ananyonga vizuri. Jamani, dada! Alikuwa anakimbia. Mimi sikuwepo na nimemwona, wewe ulikuwa nyuma ya gurudumu lake.

Na lile chipukizi la Eduvigis, umejiuliza fundi kama yeye alilikataje? Mtu anayejua kuliko wote hakosei hivyo macho yakiwa kazini. Mikono ilikuwa Luque, yeye mwenyewe alikuwa bado kwenye lile daraja la Víboras. Akaambiwa kwamba mti wa mtu mwingine ulikuwa na mrithi, na yeye ndiye aliyemkata. Ndiyo maana rangi ilimtoka, na ndiyo maana akabaki.

Usidhani namtetea. Huzuni ya mtu haimpi ruhusa ya kula safari ya mwenzake. Wewe umemngoja baba, ukaingoja treni, sasa unamngoja mume, na nikikuachia utalingoja na goti. Basi fanya hivi.

Nenda Oktoba, na siku uichague wewe. Mkoba wake upange wewe, soksi uzikung'ute. Kabla hamjaondoka, mpigie simu aliyenunua shamba la babake umwombe ruhusa mpite mkalione, maana wizi wa kuingia mashamba ya watu umetosha katika familia yenu. Mkikaribia daraja la Víboras, safari hii wewe ndiye utakayefunga breki. Atataka kupita. Mwambie, "Shuka, Leocadio, tukaione." Shuka naye. Asiguse kitu, aangalie tu, aseme analotaka kusema, na akikosoa kazi ya mwenye shamba mpya mwache akosoe mpaka achoke. Akilia, usimtajie mgongo wala daktari. Kaa naye chini ya mti hata kama saa yako ya safari inapita, huo ndio muda ambao mlipaswa kuutoa Februari.

Halafu panda baiskeli uende. Kuanzia hapo zamu ni yako, na baada ya daraja hilo hakuna "hili tu" yoyote inayokuhusu. Akishuka, usishuke. Usimgombeze, usigeuke nyuma, nyonga. Njia ni moja, treni haikuwahi kupotea na yeye hatapotea. Na hilo handaki, dada, usinichekeshe, ni fupi, ukiingia unaona mwanga wa upande wa pili, imba ukipita kama unaogopa. Cabra, Lucena, taratibu na goti lako, mpaka Puente Genil. Ulizia wanapopika, nunua ikiwa bado inatoa moshi, ule palepale umesimama, uungue ulimi.

Akiwa amefika na wewe, mkatie kipande. Akiwa bado yuko kwenye shamba la mtu, mfungie chake kwenye karatasi, mpelekee nyumbani, na umwambie kwamba mwakani utamchukua.